Klachi Ngumu ya Baba

Baba yangu aliendesha treni mpaka alipostaafu, na wiki ileile aliyostaafu alitutangazia mezani kwamba ananunua gari la michezo. Siyo pikapu ya kubebea mpunga kama watu wenye akili zao, siyo hata gari lenye viti vya kutosha wajukuu. La michezo, milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba kushuka humo ni kama kuinuka mkekani. Nikamuuliza, baba, Ifakara hii, matope haya, gari la michezo la nini? Akanijibu huku anachambua samaki kwenye sahani yake: "Miaka yote hiyo nimeendesha kitu kinachopita kilipochongewa njia tu. Sasa nataka kukata kona ninayotaka mimi."

Nikamtazama mama. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Gari lilipofika, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa kiti cha kushoto, mkoba mapajani, na wakazunguka mji wote wakipunga mikono kama maharusi. Watoto wa mtaani wakaliita Chura kwa sababu ya taa zake zilizotoka nje.

Mama alipofariki, mimi niliacha kabisa kulisema vibaya lile gari. Lilikuwa ndicho kitu pekee kilichobaki cha kumtoa baba nyumbani. Kila Jumamosi alioga mapema, akavaa shati la mikono mirefu, akavuka daraja kwenda Lupiro kwa shangazi, dada yake mkubwa, kula samaki na kubishana naye nani alimwaga maziwa ya nani walipokuwa wadogo. Gari likiwa bovu, haendi. Bodaboda hataki. Lori langu hataki, eti atakwenda kwa dada yake kama gunia? Anakaa barazani na redio, chakula anakigusagusa tu, na ukija kumwangalia baada ya siku chache unakuta amezeeka. Ndugu zangu wanaishi mbali, wananipigia simu kuniuliza hali ya baba, nami nawajibu kwa hali ya gari. Chura anatembea? Basi baba mzima.

Ndiyo maana nilijikuta nimeingia kwenye habari za klachi, mimi mwenye mashine yangu ya kukoboa mpunga na watu wananisubiri mlangoni tangu asubuhi.

Ilianza injini ya zamani ilipokufa. Badala ya kutafuta injini kama ileile, baba na fundi wake walikaa wawili, bila kumwambia mtu, wakaagiza Dar injini nyingine kubwa zaidi, ya turbo, yenye nguvu karibu mara mbili ya ile iliyokufa. Nilipouliza nikaambiwa hiyo ndiyo iliyopatikana. Ndiyo iliyopatikana! Mtu wa miaka ya baba, goti limezeeka, macho yamezeeka, anafungiwa turbo ya kwenda nayo kula samaki.

Basi ikafungwa, na ikagoma. Siyo injini iliyogoma, klachi. Ile klachi ya zamani ilitengenezwa kwa nguvu za injini ya zamani, kwa hiyo ukikanyaga mafuta injini inalia juu kabisa, lakini gari linajivuta taratibu na harufu ya kuungua inaingia ndani mpaka unakohoa. Klachi ilikuwa inateleza tu, haishiki. Hata mimi nililijua hilo, maana lori langu naliendesha mwenyewe kwenda kuchukua mpunga Mngeta, na klachi nimeshaunguza.

Muuzaji wa spea Dar alituma picha za aina tatu kwenye simu ya fundi, na maelezo ya sauti marefu kama hotuba. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, kama iliyoungua. Ya pili ilikuwa ya nguvu kiasi, ina springi kali kidogo, inashika injini hiyo vizuri kama huikurupushi, na pedali yake mtu wa kawaida anaikanyaga bila taabu. Ya tatu ilikuwa ya mashindano. Hiyo sahani yake ina vipande vya chuma badala ya kitambaa, springi zake ni kali sana, haitelezi hata kwa dawa, lakini pedali ni nzito na inashika ghafla. Muuzaji mwenyewe alisema wazi kwamba ya tatu ni ya watu wa mashindano. Nilisikia kwa masikio yangu.

Nikamwambia fundi, achukue ya pili. Gari linakwenda Lupiro na kurudi, nani anashindana na nani?

Fundi wetu ni mtu mwema, lakini maisha yake yote ametengeneza pawatila za kulimia na malori ya mpunga. Bonde hili lote linanunua vitu kwa kuuliza swali moja: kwenye tope itabeba? Naye fundi hapimi kitu kwa raha ya mtu anayekitumia, anapima kwa gunia. Akanitazama kwa huruma. "Dada, klachi laini ni ugonjwa. Ukiona pedali nzito, ujue hapo kuna kazi. Hii ya tatu ukiifunga, hata uvute tela la mpunga."

"Tela la mpunga kwenye gari la milango miwili?"

"Nasema mfano."

Wenzake wote pale gereji wakaitikia, ya tatu, ya tatu, mzee afungiwe kitu cha maana. Na baba amesimama katikati yao, kifua mbele, anafurahi kuitwa mwenye gari la mashindano. Nikaona nabishana na ukuta. Nikarudi kwenye mashine yangu.

Siku klachi ilipomaliza kufungwa waliniita nije nishuhudie. Sasa hapa ndipo kichwa kinaponiuma hadi leo. Kwetu, kitu kipya kikijaribiwa, mkubwa ndiye anaanza. Ni heshima. Huwezi kukaa kwenye kiti cha gari la mzee ukalijaribu kabla yake, utaonekana umelelewa porini. Na mkubwa akishasema neno, mdogo hasemi lingine. Hiyo nayo ni heshima. Kwa hiyo fundi alifungua mlango, akafuta kiti kwa tambara, akasema, "Mzee, karibu uanze wewe."

Baba akaingia. Akakanyaga. Nilikuwa nimesimama mbele ya gari na nilimwona uso. Ulikaza, shingo ikatoka mishipa, halafu akaachia. Akakanyaga tena. Watu wote wanamngoja.

"Safi," akasema. "Hii safi sana."

Basi imekwisha! Akaingia fundi, akakanyaga, akatoka anasema safi, mzee amesema kweli. Akaingia mwingine, mtu wa miraba minne anayebeba magunia, nikamwona anauma midomo, akatoka anasema hiyo ndiyo klachi. Wote wakapita mmoja mmoja na wote wakasifu, na kila aliyesifu alitoka anajinyoosha mguu. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho, maana mimi ni mtoto halafu ni mwanamke. Nilikanyaga nikahisi kama nimekanyaga jiwe la kusagia. Lori langu lenye tani zake halina pedali ya namna ile.

"Jamani, hii nzito!" nikasema.

Wakacheka wote. Fundi akasema hiyo imefungwa kwa ajili ya wanaume, dada. Nikamgeukia baba, nikategemea angalau yeye aseme neno. Alikuwa anakagua kioo cha pembeni kama hajawahi kukiona.

Kuanzia hapo vikaanza visingizio. Jumamosi ikafika, Chura yuko uani amefunikwa turubai. Baba vipi? Petroli imepanda. Ikafika nyingine, tairi la nyuma halimridhishi. Tairi nikalipeleka likaonekana zima, akasema jua la asubuhi linampiga machoni pale darajani. Jua hilohilo lililokuwa likimpiga tangu daraja lijengwe, leo ndiyo limemwona! Na alipokuwa akijilazimisha kwenda, gari lilitoka nyumbani kwa kurukaruka, hop, hop, hop, likazimika, likawaka tena, watoto nyuma wanashangilia Chura anaruka, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Halafu akaanza kutembea na mwavuli. Kiangazi, vumbi tupu, hakuna wingu hata la dawa. Nikamuuliza wa nini, akasema wa jua. Sasa mbona huufungui? Akasema jua bado halijawa kali. Ilikuwa saa saba mchana! Akaondoka zake anauegemea, nami nikabaki nimeshika kiuno nikiongea peke yangu.

Nilichoka. Jumamosi moja nikafunga mashine, nikaenda kwake, nikasema leo tunakwenda wote Lupiro, nina hamu ya samaki wa shangazi. Akatafuta kisingizio, nikamwona anakitafuta, hakukipata. Tukaondoka.

Njia nyoofu hakukuwa na shida kubwa. Tulivuka daraja, akaingiza gia ya juu, turbo ikapiga mluzi, na kwa muda mfupi nikamwona baba yangu wa zamani, kidevu juu, mkono mmoja kwenye usukani. Nikaanza kujiuliza labda namsingizia. Halafu tukakuta ng'ombe. Wafugaji walikuwa wanahamisha kundi kubwa, limejaa barabara nzima, na hakuna namna ila kusogea kidogo na kusimama, kusogea na kusimama, klachi ndani, klachi nje. Hapo ndipo nilipoona. Baba alipotaka kukanyaga, mkono wake wa kushoto uliacha gia, ukashika goti lake la kushoto, ukalisukuma chini kwa nguvu, halafu ukarudi haraka kwenye gia. Tena. Na tena. Jasho limemtoka mpaka kwenye kola ya lile shati la mikono mirefu.

Gari likaruka, likazimika. Mfugaji mmoja, mtu mzima mwenye lafudhi ya Kisukuma, akaja dirishani na fimbo yake begani. "Shikamoo mzee. Gari ina shida? Tusukume?"

"Marahaba. Gari halina shida," baba akasema. "Ng'ombe wako ndio wana shida."

Yule bwana akacheka, akaenda kuwaswaga. Nikamwambia, "Baba, hilo goti."

"Goti gani?"

"Hilo unalolisukuma kwa mkono."

"Linaniwasha."

Linamwasha! Nilipandwa na hasira. Nikamwambia turudi kwa fundi leo hii, wafunge klachi ya pili, ile laini, mambo yaishe. Akazima kabisa injini, tukawa tumezungukwa na ng'ombe pande zote, akasema pole pole bila kuniangalia: "Nilishasema ni safi. Mbele ya watu. Na wao wakasema. Leo nirudi niseme siyo safi, nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Utakuwa mtu anayeendesha gari, baba!"

Akajipangusa jasho kolani. Nikaelewa kwamba angekubali kukaa barazani mpaka kufa kuliko kulirudisha neno lile, na kwamba mimi, mtoto wake, hata ningepiga kelele mpaka sauti ikauke, sina cheo cha kumrudishia. Nililia kidogo, kwa hasira tu, nikageuza uso upande wa ng'ombe asinione.

Tulifika Lupiro. Shangazi akatupokea kwa maneno yake ya siku zote, kwamba tumechelewa na samaki wamepoa. Nilimfuata jikoni na kumweleza yote, klachi, mkono, mwavuli. Aliendelea kuchota mchuzi kana kwamba namsomea habari za mbali. Alipomaliza akasema tu, "Goti la kushoto?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa.

Tulipomaliza kula akachukua khanga na kindoo chake cha mchele, akasema anakuja Ifakara na sisi. Baba akashtuka. Shangazi hajatoka Lupiro tangu msiba wa mama. Lakini nani angemwuliza? Akakaa kiti cha mbele, mimi nikajikunja nyuma, magoti yamegusa kidevu, kindoo cha mchele kwenye mapaja yangu. Njia nzima baba alikuwa anasukuma goti na shangazi alikuwa anatazama dirishani. Tulipoingia mjini ndipo aliposema.

"Pitia kwa fundi."

"Kwa fundi kuna nini, dada?"

"Pitia."

Gereji nzima ilisimama kumwamkia. Shikamoo, shikamoo, marahaba, marahaba. Akamwambia baba ashuke. Akazunguka gari, akavua ndala, akaingia kwenye kiti cha dereva na khanga yake, akauliza klachi ni ipi, akaonyeshwa. Akakanyaga kwa mguu mmoja, haikwenda. Akaweka miguu yote miwili. Haikwenda. Akabaki ameshika usukani, akamtazama baba kupitia dirisha lililo wazi.

"Wewe ndiye uliyesema hii safi?"

"Ndiyo, dada."

"Ulidanganya."

Gereji nzima ikageuka kumtazama. Maana neno lile, duniani hapa, hakuna mwingine aliyebaki wa kumwambia.

"Goti hilo uliliumiza kule Chita, uliporuka kutoka kwenye treni," shangazi akaendelea, wala hakupunguza sauti. "Ukaja kulala kwangu mpaka uvimbe ukapungua, mkeo anaambiwa umepangiwa safari. Mimi ndiye niliyekukanda. Goti nililolikanda mimi unataka kunifundisha linavyofanya kazi? Fungueni hiki kitu mtupe kingine. Tena wewe fundi, ulikanyaga hiki ukaona kizuri?"

Fundi akakuna kichwa. "Kusema kweli shangazi, hata mimi niliona nzito."

Na yule wa miraba minne: "Mimi usiku ule mguu uliniuma kweli."

Na mwingine naye akasema aliona kitambo, ila mzee alishasema. Nilisimama pale na kindoo cha mchele mkononi nikiwasikiliza wanaume wazima wanavyokiri mmoja mmoja kwa zamu ileile waliyosifia. Ningekuwa na spana karibu ningewarushia. Baba yeye mabega yake yalishuka, na niliona mkono wake unalipapasa lile goti hadharani, bila kuficha.

Klachi ya pili ikaagizwa, ikaja, ikafungwa. Safari hii shangazi aliyebaki kwetu akiingoja ndiye aliyeanza kujaribu, kwa kuwa mkubwa ni yeye. Aliikanyaga ikaenda. Halafu baba akakanyaga, akaachia, akakanyaga, na hakusema safi wala nini. Alisema, "Hii naiweza." Fundi akamweleza asiikurupushe injini kwenye gia kubwa, aipandishe taratibu, itadumu. Shangazi alikuwa anavaa ndala zake. Akamwambia baba kwa sauti ndogo, lakini mimi nilikuwa karibu: "Siku hata hii ikikushinda, usimdanganye mtu. Hama kiti."

Baba aliendesha kiangazi kile chote kilichobaki, na masika yalipopita na barabara ikakauka akaendesha tena, Jumamosi kwa Jumamosi. Mwavuli aliendelea nao, ila sasa aliuita kwa jina lake, fimbo. Simu za ndugu zangu nikazijibu kwa kifupi kama zamani. Chura anatembea.

Mpunga mpya ulipoanza kuingia, siku ambazo hata kula sina nafasi, nikasikia honi nje ya mashine. Honi ndefu, ya mtu asiyejali kazi za watu. Nikatoka na pumba mpaka kwenye kope, nimejiandaa kumwambia baba maneno. Chura alikuwa amesimama, injini inaunguruma, kiti cha dereva hakina mtu. Baba alikuwa amekaa kiti cha kushoto, kile cha mama, shati la mikono mirefu, fimbo katikati ya magoti.

"Endesha," akasema.

"Baba, nina foleni ya watu hapa!"

"Watasubiri."

Nikawapungia mkono waliokuwa kwenye foleni. Nikajipangusa mikono kwenye kitenge, nikaingia. Pedali ilikuwa laini, ya kawaida kabisa. Nilipolitoa gari kuelekea barabara ya Lupiro nikaona kwa pembe ya jicho mguu wake wa kushoto ukikanyaga zulia. Nikaingiza gia ya pili, ukakanyaga tena. Ya tatu, hivyohivyo, na kila mara alikuwa amenitangulia kidogo.

"Umechelewa kubadili," akasema.

"Baba, niache niendeshe."

Akanyamaza mpaka gia iliyofuata.